Nusu Lita ya Bi Maua

Mwanangu Salha,

Assalaam aleikum kwanza, maana hata aliye karibu anastahiki salamu. Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ambaye muda huu yupo Forodhani na wenzake anaagana nao, na ambaye akirudi atapita hapa hapa nilipokaa. Lakini unanijua. Mdomo wangu ukianza jambo zito hulikimbilia kwenye mzaha, na jambo hili sitaki lipotelee huko. Nimeswali Alasiri, nimekaa kwenye meza ya jikoni, na nitaandika mpaka nimalize au mpaka urudi.

Habari za masweta, dawa za tumbo na kutunza pasi ya kusafiria muulize baba yako. Yuko ukumbini analifunga begi lako kwa kamba kama anafunga mbuzi, na nimemwambia begi lina zipu, hasikii. Anasema Ujerumani ni mbali. Nimemjibu kwamba majumba haya ya Michenzani tunayoishi yalijengwa kwa msaada wao, kwa hiyo ni haki na sisi tuwapelekee mtu. Hakucheka. Usimlaumu, tangu asubuhi anakohoa kikohozi cha uongo ili asilie.

Mimi nakuandikia habari ya Bi Maua.

Unamkumbuka, ingawa ulikuwa na miaka kumi na mbili alipoacha kuja. Yeye na mimi ndio tulioanzisha kazi ya marashi kwenye kile chumba cha chini Hurumzi. Alikuwa akitoka kwao Kizimbani na kikapu cha langilangi kabla jua halijawa kali, na ulipokuwa mdogo, ukitoka chuo cha Kurani ulikuwa unalala kwenye paja lake la kulia, naye anachambua maua kwa mkono mmoja ili asikuamshe. Paja langu ulilikataa. Ulisema lina mifupa.

Alipoacha kuja ukaniuliza amekwenda wapi, nikakwambia kazi za shamba zimemzidi. Ukaniuliza tena mwezi uliofuata, na sikukuu iliyofuata, nami nikakujibu vile vile mpaka ukaacha kuuliza. Nilikudanganya, mwanangu. Bi Maua hakushindwa na kazi. Mimi ndiye niliyemfukuza, na sikutumia fimbo, nilitumia sentensi moja.

Ilikuwa hivi. Marashi yetu tulikuwa tukiloweka maua kwenye mchanganyiko wa spiriti na maji, nusu kwa nusu. Mwanzoni tulichanganya kidogo kidogo kwenye chupa, kwa jicho tu. Kisha maarusi wakawa wengi, oda zikatuzidi, nikanunua lile dumu jeupe lenye mistari ya lita na nusu lita ubavuni. Nilijiona mwenye kiwanda. Jioni tunapima kwa jagi la lita moja, lita kumi za spiriti na lita kumi za maji, tunatia, tunakoroga. Mimi nakimbilia kukuchukua chuoni, Bi Maua anabaki kufunga.

Asubuhi ya kwanza dumu lilisoma lita kumi na tisa na nusu. Nikasema nimekosea kuhesabu majagi. Mara ya pili, kumi na tisa na nusu. Mara ya tatu, vile vile. Jioni yenyewe sikuwa nikiutazama ule mstari, kwani nani anatazama mstari wa kitu alichokipima mwenyewe? Kumi na kumi ni ishirini, hata wewe ulikuwa unajua. Na aliyebaki na dumu kila jioni ni mtu mmoja.

Nilimwambia kwa upole, wallahi mara ya kwanza ilikuwa kwa upole. Akanishika mkono akaupeleka kwenye dumu tulilotoka kulikoroga.

"Hebu liguse. Unasikia joto? Kila tukichanganya linapata homa," akasema. "Hata mie nnaona linapungua, Zuwena. Mie nnaona dumu lenyewe linakunywa."

Nililigusa. Lilikuwa na joto kweli. Nikaondoa mkono na nisifikiri zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiri jambo jingine. Mumewe, Mzee Makame, alikuwa akifanya kazi kule kwenye shamba la viungo la Kizimbani, kumenya mdalasini. Ujanani alikunywa. Si siri, mwenyewe alikuwa akisema. Lakini alitubu kabla hawajapata mtoto wao wa kwanza, akashikamana na msikiti, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiadhini pale mtaani kwao. Watu waliweka saa kwa sauti yake. Mimi yote hayo niliyajua, na bado nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ile tulikuwa nyumba ya arusi, Malindi, wanawake ukumbi mzima, bibi arusi anasuguliwa mwili kwa singo, ule unga wa manukato. Mama mwenye shughuli akauliza mbona marashi safari hii machache. Bi Maua, maskini, akataka kunitetea. Akasema, "Mwaka huu dumu letu lina kiu, linakunywa lenyewe." Watu wakacheka kidogo. Nami nikasema:

"Dumu halina koo, Bi Maua. Mwenye koo yuko Kizimbani."

Wakacheka sana. Unajua kicheko cha wanawake waliokaa tangu asubuhi. Na mimi, niseme kweli, kwa muda wa pumzi moja niliona raha, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri. Kisha nikamwona Bi Maua anafuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, anaweka bakuli la singo chini, anavaa buibui lake, anatoka. Tangu siku ile hakuingia tena Hurumzi wala hakupanda ngazi zetu.

Maneno yalifika Kizimbani kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyemfukuza Mzee Makame msikitini. Walimwambia tu apumzike, waadhini vijana. Ulimi hauna mfupa, wanasema watu, na mimi nimeona unachoweza kuvunja.

Sasa, mwanangu, ungeweza kudhani kosa langu ndilo hilo. Mimi mwenyewe nimelitumia kosa hilo kama pazia miaka kumi na moja. Nyuma yake kuna jingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki mbili baada ya arusi ile nilichanganya peke yangu. Nikapima majagi kumi na kumi, nikahesabu kwa sauti. Nikakoroga, nikafunga mlango, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi nikafungua. Lita kumi na tisa na nusu.

Nilisimama pale na dumu langu muda mrefu. Bi Maua yuko Kizimbani, Mzee Makame yuko Kizimbani, ufunguo uko kiunoni kwangu. Kama ningekuwa mtu mwenye heshima na macho yangu, ningepanda gari siku ile ile. Badala yake nikajiambia spiriti huruka hewani, ni kitu chepesi. Dumu lilikuwa limefungwa kifuniko mpaka nililazimika kulifungua kwa kitambaa, lakini nikajiambia imeruka. Kisha nikalipeleka lile dumu nyumbani, nikaligeuza la maji ya kuogea, na kazini nikanunua ndoo mbili za rangi ya buluu zisizo na mistari. Toka siku hiyo sikupima tena. Watu wakinisifu kwamba nina mkono wa kukadiria, ninatabasamu. Sikuwa na mkono wa kukadiria. Niliogopa mistari.

Kwa hiyo nilijua, Salha, au nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kujua na nikakataa kuingia. Kosa la kutojua nimeshajisamehe, kwani shule yangu iliishia darasa la saba. Lile la kubadilisha chombo ndilo lililokuwa likinikaba.

Halafu ukarudi likizo na ile kurunzi yako ya leza.

Ulinikera, nikwambie. Ulichukua vioo vya dirisha la zamani ukaviunga kwa gundi kuwa kichupa cha pembe tatu, ukapanga vitabu juu ya meza yangu ya chakula, ukabandika karatasi kwenye ukuta wa ukumbi. Ukazima taa na kufunga mapazia saa tisa ya mchana, baba yako akajikwaa kwenye kiti. Ukatia maji kwenye kichupa, mwali mwekundu ukapita ndani yake ukapinda, nukta ikaanguka ukutani, ukaiwekea alama ya penseli. Ukamwaga maji, ukatia spiriti yangu. Nukta ikaanguka mbali kidogo, maana spiriti inaupinda mwanga zaidi. Ukaweka alama ya pili. Kisha ukachanganya nusu kwa nusu.

"Mama, tia kidole pale unapodhani itaangukia."

Nikaweka kidole katikati ya alama mbili. Nilikuwa na uhakika kama nilionao ninapotia chumvi mchuzi wangu. Ukawasha. Nukta ikakiruka kidole changu ikaenda kukaa kule karibu na spiriti.

"Imekosea," nikasema.

Ukacheka. "Haijakosea, Mama. Maji na spiriti vikikutana havikai tu pamoja kama watu kwenye foleni. Molekuli zake zinashikana, zinavutana, zinabanana. Mwanga unaliona hilo. Ndo maana hata ujazo unapungua."

"Unapungua vipi?"

"Ukitia lita kumi na lita kumi hazitoki ishirini. Zinatoka kumi na tisa na nusu hivi. Na zinatoa joto zikishikana."

Nikakuuliza, na wewe hukusikia sauti yangu ilivyokuwa: "Na hiyo nusu lita inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Mama. Imo mle mle."

Nikakwambia uondoe takataka zako mezani nipike. Ulidhani nimechoka na fizikia yako. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili usinisikie. Nililia, na ajabu ni kwamba ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu, kama mtu aliyechomolewa mwiba ambao ameshazoea kutembea nao. Ulikuwa umenipokonya kisingizio changu cha mwisho. Haikuruka. Haikuibiwa. Imo mle mle.

Jumamosi iliyofuata nilikuaga nakwenda hitimani Bububu. Huo nao ulikuwa uongo, na ndio wa mwisho, nakuahidi. Nilikwenda Kizimbani. Nililichukua lile dumu la zamani, nikalisugua, nikachukua na lita kumi za spiriti. Maji nilijua watanipa, hata adui hupewa maji.

Mzee Makame alikuwa kibarazani. Amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba bila kunitazama. Bi Maua akatokea mlangoni, akasimama.

"Zuwena," akasema. Hakusema karibu.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, ikanipotea yote. Nikasema, "Nimekuja kupima dumu. Mwite Maalim wenu wa msikiti, na jirani yeyote umtakaye. Kisha mkinifukuza nitakwenda."

Nadhani alikuja kwa udadisi tu, Maalim, na majirani watatu nyuma yake. Nikawaambia wote, kwa mdomo ule ule, kwamba miaka kumi na moja iliyopita nilisema neno mbele za watu na neno lile lilikuwa la uongo, na kwamba nilipata sababu ya kujua ni uongo wiki mbili baadaye nikanyamaza. Hilo la pili lilikuwa gumu kulitoa kuliko la kwanza. Nikampa Mzee Makame jagi apime mwenyewe. Akarudisha mikono nyuma.

"Mie sigusi kitu hicho," akasema. "Sikukigusa siku zile, sikigusi leo."

Basi akapima Bi Maua. Alihesabu jagi moja moja kwa sauti, spiriti kumi, maji kumi, Maalim anahesabu naye. Akakoroga. Tukakaa tunalitazama dumu kama wagonjwa wanaomtazama daktari. Nikamwomba Maalim asome mstari. Akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kumi na tisa na nusu," akasema. "Na nusu nyingine iko wapi?"

Nikamjibu kwa maneno yako. Nikamweleza kadiri nilivyokuelewa: kwamba mwanangu amenionyesha kwa mwanga, kwamba vitu hivi viwili vikikutana hushikana vikabanana, na nafasi inakuwa ndogo. Labda ningefeli mtihani wako. Lakini mstari walikuwa wanauona wote, na hakuna mkono uliokuwa umeingia dumuni.

Bi Maua akaliwekea dumu kiganja. Akakiacha pale.

"Homa ile ile," akasema.

Kisha Mzee Makame akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ati miaka yote hii," akasema, "ilikuwa imo mle mle?"

Nikasema naam. Nilitamani anitukane, hakunitukana. Maalim akatazama saa yake, akasema Alasiri imekaribia, na kwamba koo lake yeye leo limemkauka. Akamwomba Mzee Makame amsaidie kuadhini. Mzee akainuka, akashika bakora yake, akaenda.

Sauti imezeeka, Salha. Katikati ilimkatika, akanyamaza, nikadhani hataendelea. Akaendelea. Bi Maua alikuwa amesimama uani ameshika kamba ya nguo, na mimi nimekaa chini kwenye vumbi na buibui langu zuri. Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kusikia mwili wangu mwepesi namna ile, isipokuwa siku nilipokuzaa wewe.

Wakati wa kuondoka, Bi Maua alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, "N'shakusamehe, Zuwena, na Mungu shahidi. Lakini kuja kwako, sijui kama miguu itakubali. Usinihimize." Nikasema sitamhimiza. Nikamwambia tu siku utakayosafiri. Alinipa malimau mawili nikaondoka.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza ngazi. Nakwambia kweli, kila kishindo. Jana alikuwa mtu wa umeme. Kesho asubuhi unaondoka, na nimejikubalisha kwamba kusamehewa nimesamehewa, mengine ni miguu ya watu.

Sasa wewe unakwenda kufanya kazi hiyo hiyo, kwa leza kubwa kuliko kurunzi yako. Umenieleza kwamba mtapiga mwali ndani ya vimiminika vilivyochanganywa, na sehemu ndogo ya mwanga itatoka imebadilika rangi, na kwa badiliko hilo mtajua molekuli ipi imemshika mwenzake na kwa nguvu gani. Nikakwambia kumbe ni umbea, na serikali za watu zinaulipia. Ulicheka, nami nilikuwa najificha tena nyuma ya mzaha. Kwa hakika naona wivu. Ningekuwa na kazi yako zamani, pengine ningekuwa mtu mwema mapema zaidi.

Sina elimu ya kukupa katika mambo hayo. Nina jambo moja tu ninalolijua kuliko walimu wako. Ipo siku nukta itaangukia mahali usipopataka. Utakuwa umechoka, umeshawaambia watu jibu, umeshasifiwa. Utatamani kununua ndoo isiyo na mistari. Siku hiyo, Salha, mkumbuke mama yako amesimama Hurumzi na ufunguo kiunoni, na usibadilishe chombo. Na kama kwa kukosea kwako kuna mtu ameumia, panda gari siku hiyo hiyo. Usingoje mwanao akue akakufundishe.

Radhi zangu unazo, zote, na za

Niliishia hapo kwa sababu mlango uligongwa. Nimerudi sasa kumalizia, wino umechafuka, usijali.

Nilisikia kwanza mtu anapumua ngazini, anapumzika kila baada ya hatua chache. Kisha: "Hodi. Hodi hapa kwa Salha." Ameliita jina lako, si langu, na imekuwa sawa tu. Baba yako alikuwa karibu zaidi na mlango lakini alishika kamba yake ya begi akaniachia mimi.

Nikafungua. "Ngazi zenu hizi hazijaisha tu mpaka leo?" akasema. Ana kikapu cha langilangi mkononi, maua ya leo. Nikasema karibu, akaingia, akalikuta dumu karibu na mlango wa chooni, akalipiga kofi dogo akipita, kama mtu anayempiga kofi mtoto mtundu. Mzee Makame anakusalimu. Hakuweza kuja, anaadhini Magharibi.

Sasa yuko hapa jikoni, amekaa kwenye kigoda anachambua maua, na ameshanikosoa mchuzi wangu mara mbili. Ameniuliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia Salha habari yetu, yote, pamoja na ile ya ufunguo. Akaniuliza utarudi saa ngapi.

Nimemwambia umekuwa mrefu kunishinda, ni mtu mzima, unakwenda kwa watu kusoma mwanga, si mtoto wa kulalia mapaja tena. Amenyoosha mguu wa kulia, akajipangusa petali kwenye kanga.

"Mie sijauliza urefu," amesema. "Mwambie alete kichwa."